Tonge la Mzazi, Msamiati wa Mwana

Methali "Kizuri kula na mwenzio" hufundishwa katika madarasa ya fasihi simulizi mwaka baada ya mwaka, ila ni nadra kuulizwa iwapo huyo mwenzio aweza kuwa mtoto. Katika nyumba nyingi jibu limekuwa la. Miongoni mwa Waluhya, kwa mfano, firigisi ya kuku ilikuwa haki ya mwenye nyumba, na watoto waliitazama tu ikipita. Ada hiyo imelegea. Lakini pengo jingine limezuka: mzazi hula akipendacho, mtoto hununuliwa biskuti na soda, na kila mmoja hushiba peke yake.

Hasara ya pengo hili ni ya lugha pia, na Isebania ni mahali pema pa kuithibitisha. Mji huu wa kaunti ya Migori unapakana na Sirari ya Tanzania, na Wakuria wanaishi pande zote mbili. Samaki yule yule mdogo wa Ziwa Viktoria huitwa omena upande huu. Akivuka mpaka huwa dagaa. Ndengu hugeuka choroko, njugu hugeuka karanga, githeri hugeuka makande. Mtoto anayemegewa tonge na mzazi aliyezoea masoko yote mawili huvipata visawe hivyo pasipo kujua kwamba anasomeshwa. Kamusi humngoja hadi ajue kusoma, ulimi haungoji.

Tazama mgagani. Mwanafunzi hukariri kwamba ni aina ya mboga, basi. Huenda nyanya yake Mgusii huuita chinsaga, na jirani Mjaluo huuita dek, naye asijue kwamba ni mmea mmoja. Ni mboga chungu. Huchemshwa, kisha hulazwa katika maziwa ili ukali upungue. Ladha ya namna hiyo haipendwi siku ya kwanza. Hupendwa kwa sababu mtu anayependwa anaila kwa furaha, akamwonjesha mtoto.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hakupatana na maziwa, mayai wala samaki utotoni, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Baadaye akazifanya kuwa utafiti wa maisha yake. Serikali nayo haikulala: katika kazi iliyoanza mwaka 2007, mimea ya kienyeji ipatayo 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji, na Desemba 2021 UNESCO ikaitambua juhudi hiyo kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, jina lililo katika orodha bila kuwa kinywani mwa mtoto limehifadhiwa nusu tu.

Yuko atakayesema kwamba mama afungaye kibanda usiku hana nafasi ya kulaza mboga katika maziwa. Hajakosea. Lakini kinachodaiwa hapa si pishi jipya kila siku, bali kipande cha kile ambacho mzazi mwenyewe anakula, pamoja na jina lake. Ugali wa wimbi ukiwa mezani, atajiwe wimbi.

Nao wanafunzi wanaokusanya msamiati wa mpakani, ambao aghalabu huanzia kwa wazee, wangefanya vyema kuanzia jikoni, wakati wa chakula cha jioni, watoto wakiwapo.