Acheni kumwambia kijana "nunua rahisi, utabadilisha baadaye"

Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Binamu yangu anaendesha bodaboda kule Kathiani. Amejinyima mwaka mzima, ameweka kando shilingi 40,000, na anataka gitaa la umeme la kupigia kanisani na kwenye harusi. Analipenda lile lenye matundu mawili ya herufi f kifuani. Wiki jana "wataalamu" wa kundi lake la WhatsApp wakamshauri hivi: nunua la bei ya chini kabisa, halafu pesa zitakazobaki uagize pikapu nzuri kutoka Marekani ubadilishe. (Pikapu ninayosema hapa ni ile sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, si gari la kubeba nyanya.)

Jamani! Huo ushauri ni mbovu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na lenyewe gitaa. Gitaa la mvungu mtupu likipigwa karibu na spika kubwa hutetemeka lote na kuanza kupiga yowe. Gibson walipotoa ES-335 mwaka 1958 walitibu ugonjwa huo kwa kupitisha kipande cha mbao katikati ya mwili, kutoka shingoni hadi mkiani, na kuacha uwazi pande mbili tu. Ndiyo maana ninaliita gitaa la nusu-mvungu. Hicho kipande cha katikati ndicho kitu unachonunua. Matundu peke yake si kitu. B.B. King, yule aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, gitaa lililotolewa na Gibson kwa jina la Lucille mwaka 1980 halikuwa na matundu kabisa, maana aliyataka yazibwe ili yowe lipungue.

Sasa njoo kwenye kubadilisha. Gitaa la mbao ngumu la kawaida ukitaka kuligusa ndani unafungua skrubu chache, kila kitu kiko mbele yako. Hili letu halina mlango. Vifundo vinne vya sauti, swichi na tundu la waya vyote viliingizwa kupitia lile tundu la f, na vitatoka kupitia hapo hapo, vikiwa vimefungwa uzi ili visipotelee tumboni. Ninaandika programu ili nipate ugali, na nawaambieni hii ni sawa na kurekebisha programu ambayo msimbo wake huwezi kuufungua. Katika magitaa yote ya umeme, mnamchagulia kijana lile gumu kuliko yote kurekebisha, halafu mnamwambia atarekebisha!

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Miaka mitatu iliyopita nilinunua moja kwenye duka fulani Nairobi, nikivutiwa na rangi na bei. Siku mbili kabla ya harusi ya dada yangu, nati ya tundu la waya ikalegea na tundu lote likadumbukia ndani. Fundi wa redio hapa Machakos mjini alihangaika nalo alasiri nzima na kipande cha uzi wa kushonea. Na hapo hatukuwa tumebadilisha chochote!

Halafu hesabu. Pikapu ukiziagiza nje, ongeza nauli, ongeza ushuru, ongeza VAT ya asilimia 16, ongeza fundi. Ukimaliza utakuwa na pikapu nzuri kwenye shingo mbovu. Pikapu haiwezi kunyoosha fureti iliyokaa vibaya. Sisi waandika programu tuna kosa hilo hilo: tunaharakisha sehemu ambayo haikuwa tatizo.

Wengine watasema, basi anunue la mbao ngumu amalize. Hoja hiyo ina uzito. Kama atapiga roki kwa sauti ya kuvunja madirisha, na anunue hilo, sitabishana naye. Lakini huyu anaishi ploti, ukuta kwa ukuta na majirani, na stima hupotea. La nusu-mvungu unalisikia vizuri usiku bila hata kuliunganisha na ampilifaya. Kwa mtu anayejifunza, saa hizo za mazoezi zina thamani kuliko pikapu yoyote.

Kwa hiyo binamu, Jumamosi ukienda dukani beba simu na waya wako, ufanye majaribio haya:

1. Washa tochi ya simu, mulika ndani ya tundu la f. Ukiona ukuta wa mbao katikati, sawa. Ukiona mpaka tundu la pili, hilo ni mvungu mtupu. Epiphone Dot na Epiphone Casino zinafanana sana kwa macho, lakini Casino haina kile kipande. Kwa Ibanez Artcore, zilizoanza 2002, herufi AS ni nusu-mvungu na AF ni mvungu mtupu.

2. Unganisha waya, zungusha kila kifundo, geuza swichi, tikisa waya kidogo. Likikwaruza au likikatika, rudisha. Usikubali kuambiwa "hiyo ni kitu kidogo".

3. Pakua programu ya bure ya kupimia sauti. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze fureti ya 12. Iwe noti ile ile, oktava moja juu. Ikikosea, muulize muuzaji akurekebishie kidaraja mbele yako. Akishindwa, ondoka.

4. Piga kila fureti ya kila uzi, hasa kule juu. Benga inaishi kule juu. Ukisikia uzi unagongagonga chuma, ondoka.

Akikwambia eti lake ni bora kwa kuwa si plaiwudi, cheka tu. ES-335 yenyewe mwili wake ni plaiwudi ya maple tangu 1958.

Bajeti yangu kwako: 33,000 gitaa, hata likiwa la mkono wa pili. 4,000 fundi wa kusawazisha shingo, fureti na kimo cha nyuzi. 3,000 nyuzi mpya na mfuko. Pikapu, sifuri.

Kakai Kilonzo na wenzake wa Kilimambogo Brothers walichezesha watu hapa Ukambani na nje yake, na mpaka leo kwenye harusi watu wanainuka zikipigwa. Sijawahi kumsikia hata mzee mmoja akiuliza pikapu zilikuwa za kampuni gani. Wanachokumbuka ni kwamba nyuzi zilikuwa zinaongea.

Nanyi wataalamu wa WhatsApp, zile shilingi 40,000 ni mwaka mzima wa mtu juani. Mkitaka kufanya majaribio, fanyeni kwa pesa zenu.

Haya, nimesema. Narudi kazini.