Kifaransa cha Majuma Matatu

Mwaka jana dada yangu mkubwa alitoka Pangani akaja kwangu hapa Tanga, na mkononi ameshika daftari jipya la shule na kalamu mbili. Baada ya kuamkiana na kupewa chai, akasema, "Mdogo wangu, nakwenda Ngazija kwa majuma matatu. Nifundishe Kifaransa." Nikacheka, nikamwuliza kama ajua watu husoma lugha ile miaka mingapi. Yeye hakucheka.

Habari yake ni hii. Binti yake, yaani mpwa wangu, aliolewa na fundi wa uashi, na yule fundi akapata kazi Moroni. Sasa mpwa wangu alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, miguu yamvimba, wala hana mtu mzima wa kwao karibu. Mama yake akaona haifai kukaa Pangani akingoja habari.

Labda msomaji atauliza, Kifaransa cha nini, na watu wa Ngazija lugha yao ni ndugu ya Kiswahili? Ni kweli, lugha yao ya nyumbani na sokoni ni ndugu kabisa na hii yetu. Walakini visiwa vile vilitawaliwa na Wafaransa hata tarehe 6 Julai 1975, na kisiwa cha nne, Maore, kimebaki nao mpaka leo. Basi Kifaransa kimekaa pale penye karatasi: shuleni, ofisini, hospitalini. Mtu aweza kununua samaki bila neno moja la Kifaransa, lakini cheti cha daktari hawezi kukisoma. Na dada yangu alikuwa akienda kwa ajili ya cheti cha daktari.

Mimi Kifaransa changu ni kidogo, nilichokiokota ujanani kwa padre mmoja mzee. Hata hivyo tulianza jioni ile ile. Nilikuwa na kitabu kidogo cha wasafiri, nacho chaanza kwa kumfundisha mtu kuuliza treni ya kwenda mjini yatoka saa ngapi. Ngazija hakuna reli. Tukakiweka kitabu kando, nikamwambia, "Dada, niambie wewe mambo utakayotaka kusema, nami nitayatafuta." Naona hata leo kwamba hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote niliyofanya.

La kwanza alitaka salamu. Nikamwandikia *bonjour*, ya mchana, na *bonsoir*, ya jioni, tena nikamwonya asimwulize mtu neno lo lote kabla ya kuitamka, maana Wafaransa katika jambo hili ni kama watu wa pwani: aulizaye bei pasipo kusalimu huonekana hana malezi. Kisha *s'il vous plaît*, tafadhali, na *merci*, asante. Nikamweleza kuwa mtu mmoja mwenye heshima huambiwa *vous*, yaani "ninyi", kana kwamba ni wengi, na *tu* ni ya watoto na watu mliozoeana. Hilo hakulistaajabia hata kidogo.

Matamshi yalimpa taabu chache kuliko nilivyodhani. Ile *r* ya Kifaransa, ambayo wengi huivunjia ulimi, yakaribia sana *gh* yetu ya "ghali" na "lugha", nayo amekuwa akiitamka tangu utoto. Zile sauti zipitazo puani zilimchekesha. Nikamwambia moja anayo nyumbani siku zote: neno letu "divai" limetoka katika *du vin* ya Wafaransa, ila sisi tumeiondoa puani tukaiweka kinywani. Wala si ajabu kukuta neno lao kwetu, kwa kuwa mapadre wa Kifaransa walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyopigwa chapa Paris kati ya 1939 na 1941.

Kisha nikamfundisha maneno matatu niliyomwambia ayashike hata akisahau mengine yote: *Je ne comprends pas*, sielewi, *Parlez lentement*, semeni polepole, *Répétez*, rudieni. Akauliza, "Sasa nitakwenda nchi ya watu kujisifia ujinga?" Nikamjibu kwamba ndivyo.

Hesabu zilituchukua siku mbili. Mpaka sitini njia ni nyofu. Sabini Wafaransa husema sitini na kumi, *soixante-dix*; themanini ni ishirini nne, *quatre-vingts*; na tisini na saba ni ishirini nne na kumi na saba. Dada yangu aliweka kalamu chini akaniuliza ni nani aliyewafanyia watu hawa uovu huo. Lakini alizishika, kwa kuwa ameuza nazi maisha yake yote, na mtu wa nazi hashindwi na hesabu.

Basi akaenda Dar es Salaam, akapanda ndege, akafika salama. Kichekesho cha kwanza kilimpata siku ya pili. Alimpa kijana wa jirani ndizi, naye akamjibu, "Marahaba." Dada yangu ana miaka sitini na mbili. Akafikiri kijana yule anamwitikia shikamoo ambayo yeye hakuitoa wala hakukusudia kuitoa. Alinuna mpaka jioni, binti yake alipomweleza kuwa kule marahaba maana yake ni asante.

Jambo la pili halikuwa kichekesho. Katika juma la kwanza mpwa wangu aliamka na maumivu ya kichwa, na mumewe alikuwa amekwenda Nzuani kwa kazi. Mama akashika daftari lake akaenda peke yake mahali pa waganga kuomba siku ya kuonana na daktari. Alisalimu, akasema binti yake ni mjamzito na ni mgonjwa, yote kwa Kifaransa, naye akaeleweka. Akaambiwa, kesho, *dix heures*. Akahesabu kwa vidole: *dix* ni kumi. Akarudi kwa furaha akamwambia binti yake, "Kesho saa kumi." Kesho yake alasiri wakaenda, wakakuta mlango umefungwa. Daktari alikuwa amewangoja asubuhi, saa nne.

Kosa hilo ni langu. Nilimfundisha hesabu, nikasahau saa. Mfaransa huhesabu saa zake tangu usiku wa manane, hata mchana huendelea mpaka ishirini na nne. Sisi twaanza tangu jua kuchomoza. *Sept heures* ni saa moja asubuhi, *dix heures* ni saa nne, *quinze heures* ni saa tisa alasiri. Ni kutoa sita tu. Jambo la kufundishwa kwa dakika moja, nami sikulifundisha.

Usiku ule kichwa kilizidi, na macho ya mpwa wangu yakaanza kuona giza. Wakapata gari, wakaenda hospitali. Mkunga wa zamu alisema maneno mengi upesi, kwa ukali, na dada yangu hakushika hata moja. Ndipo akasema yale ya kujisifia ujinga: *Je ne comprends pas. Parlez lentement, s'il vous plaît.* Yule mkunga akanyamaza, akamtazama, akamwuliza ametoka wapi. Aliposikia Tanga, akaacha Kifaransa, akasema kwa lugha ya kwao, polepole, nao wakaelewana. Presha ilikuwa juu sana. Mpwa wangu alilazwa usiku ule ule, na baada ya siku nne alizaa mtoto wa kiume, mdogo kwa umbo, mwenye sauti kubwa.

Dada yangu aliporudi hakunilaumu. Alifungua daftari tu, akanionyesha ukurasa wa kwanza, amechora uso wa saa kwa kalamu nyekundu, nje saa zao na ndani saa zetu.

Sasa daftari lile limeazimwa na jirani yake anayekwenda Bujumbura. Nimemwambia alete kwanza kwangu, maana kule walifundishwa na Wabelgiji, na sabini yao ni *septante* tu.