Isomwe kwanza, ndipo ihukumiwe

JICHO LA MSOMAJI, na Zuhura Kombo

Mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya Afrika Mashariki miaka mitatu, akavaa joho, na asiwahi kuifungua "Jambula Tree", hadithi fupi iliyompa Monica Arac de Nyeko Tuzo ya Caine mwaka 2007, Mganda wa kwanza kuitwaa. Sababu haitafutwi mbali. Anyango na Sanyu, wahusika wake wakuu, ni wasichana wanaopendana, na mhadhiri anayeiweka kwenye orodha ya vitabu anajua kwamba ataulizwa. Nasema aiweke, na chuo kisimame naye.

Hadithi yenyewe ni barua. Anyango anamwandikia Sanyu aliyekwenda London, na habari kwamba Sanyu anarudi nyumbani amezipata kwa Mama Atim, jirani yao wa Nakawa, Kampala, mama asiyepitwa na jambo. Hapo ndipo ufundi ulipo: hukumu ya mabinti hawa haisubiri polisi wala hakimu, inatoka mtaani. Anayeisoma kwa kuwinda ushoga tu atapitwa na mengi. Hataona jinsi akina mama wanavyopimana heshima kwa mienendo ya binti zao, wala jinsi nafsi ya pili inavyomkalisha msomaji mahali pa Sanyu, kana kwamba yeye ndiye anayeandikiwa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuletwa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe, na Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Walidai tuanzie hapa tulipo. Basi hadithi ya Mganda kuhusu Nakawa, iliyotoka mwaka 2006 katika mkusanyo uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana, tutaiita ya wapi?

Wanuri Kahiu aliichukua hadithi hiyo, akaihamishia Nairobi na kutengeneza Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakafurika kwenye kumbi za sinema. Kwa juma zima, watu wazima waliruhusiwa kutazama na kuamua wenyewe. Chuo kikuu hakina udhuru wa kuwa na woga kuliko mahakama.

Najua hatari haiko sawa kila mahali. Uganda, sheria ya 2023 inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Mhadhiri wa Makerere asilaumiwe kwa tahadhari yake. Kenya nako Kanuni ya Adhabu inaharamisha tendo, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Lakini kusoma hadithi na kuijadili si tendo hilo, na wakuu wa idara wanalijua.

Somo lenyewe liendeshwe kwa adabu. Hadithi isomwe yote kabla ya mjadala, kisha filamu itazamwe na hukumu za mahakama ziwekwe mezani. Asiulizwe mwanafunzi yeyote habari za maisha yake ya faragha, kwa maana darasani tunawachambua Anyango na Sanyu, hatumchambui aliyekaa kiti cha nyuma. Anayepinga kwa imani yake apinge, mradi hoja yake aifunge kwenye kurasa alizosoma, na asahihishwe kwa haki sawa na anayeunga mkono.

Wahitimu hawa ndio watakaofundisha watoto wetu, watakaohariri magazeti yetu, na baadhi yao watakaa bungeni kuzipigia kura sheria kama hizi. Idara zinapopitia mitaala yao, ziiweke hadithi hii kwenye orodha kwa jina lake. Mtu atakayekuwa na mamlaka juu ya maisha ya wengine anastahili kufundishwa kuyasoma kwanza.