Gari ya zamani, viti vipya: tuangalie chini mbele ya kusifu kitambaa

Mu Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, kutengeneza upya ndani ya gari ya zamani imekuwa kazi ya wengi. Hiace inaingia kwa fundi na viti vilivyopasuka, inatoka na vitambaa vya kung'aa, taa za rangi na spika za muziki. Wengine wanajifanyia wenyewe mu kiwanja ya nyumbani. Tuulize basi: ni nini inatengenezwa, na ni nini inafichwa?

Sababu za kazi hii zinaeleweka. Magari mingi yanayofika kwetu yametumika kwanza Japan, yanapitia Mombasa ama Dar es Salaam. Kati ya Hiace hizo, nyingi zilijengwa kubeba mizigo. Viti vya abiria vinaongezwa huku. Tena, mabenki yalifungwa Goma mu Januari 2025, kisha Bukavu mu Februari. Mwenye gari akikosa pa kukopa pesa ya kununua ingine, anatengeneza ile iko nayo. Hatuwezi kumlaumu kwa hiyo.

Shida ni pesa inaenda wapi. Inaenda paka kwenye jicho linaona.

Tuanze na viti. Bati ya sakafu ya gari ni nyembamba, haifiki hata milimita 2. Kiti kikichomelewa juu yake tu, kinaonekana kigumu siku zote, mpaka siku ya ajali. Gari ikiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ikasimama ghafla ndani ya nusu mita, mtu wa kilo 60 anasukumwa mbele na nguvu inayopita tani moja. Watu watatu nyuma ya kiti kimoja, hiyo ni tani tatu na zaidi. Kiti kinang'oka, kinaponda walio mbele. Kiti cha kweli kinafungwa na bulonzi zinazopenya sakafu, na chini yake kipande cha chuma kipana kinachogawanya nguvu.

Kisha moto. Musi, ile sponji ya magodoro, inawaka mbio na moshi wake ni sumu. Marekani, sheria inaomba vifaa vya ndani ya gari visiwake kupita milimita 102 kwa dakika. Musi ya kununua sokoni, nani ameipima? Juu ya hiyo ongeza nyaya za taa na muziki zilizounganishwa bila fizibu, kale kadude kanakokatika umeme ukizidi, na bidoni ya mafuta ya ba-Kadhafi chini ya kiti. Hapo cheche moja inatosha.

Ya tatu ni mlango. Japan wanapita kushoto, sisi tunapita kuume. Kwa hiyo mlango wa kushoto wa Hiace, kwetu unafungukia katikati ya barabara. Gari zingine ziko na mlango pande zote mbili, lakini wa kuume unazibwa na kiti cha nyongeza, juu ya kupata nafasi ya abiria mumoja zaidi. Pesa ya abiria huyo ni kidogo. Njia ya kutokea siku gari inawaka haina bei.

Hatusemi watu waache kupendezesha magari yao. Tunasema wapange kwa utaratibu: kwanza bulonzi na sakafu, pili nyaya, tatu mlango, mwisho kitambaa. Vyama vya madereva kama ACCO vingeweza kuangalia mambo hayo mu parking, bila kungoja Kinshasa. Na wewe abiria, mbele ya kulipa, shika kiti cha mbele yako, kitikise. Kikicheza, sema kwa sauti, wengine wasikie.