Mashine ya Presha: Acheni Kununua kwa Sifa, Kodini Kwanza!

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena wiki za majaribio. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya bafuni. Leo nina hoja, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Ishu yenyewe ni hii. Kuna jamaa sita hapa chuoni, wote wa ualimu kama mimi, mwaka wa pili na wa tatu. Wamekubaliana kwamba bumu likiingia tu, kila mtu anachanga 150,000, wanapanda daladala mpaka Kariakoo, wanarudi na mashine ya presha ya kuoshea magari. Laki tisa, taslimu. Uwanja wameshaupata, kando ya barabara, karibu na bomba. Jina la biashara wanalo. Hata rangi ya kofia wameshaichagua. Kitu pekee ambacho bado hawana ni mteja. Hata mmoja!

Nikawauliza, kwa nini msikodi kwanza? Kuna fundi mtaa wa pili anakodisha mashine kama hiyo hiyo kwa 20,000 kwa siku. Weee, nilizomewa kama nimetukana wazazi. "Kukodi ni kumtajirisha mwenzako!" "Cha kukodi si chako!" Mwingine akaniambia, "Dada, wewe bado una mawazo ya kuajiriwa." Sawa. Kule walikuwa sita na mimi peke yangu. Hapa ni kwangu, nasema mpaka nimalize.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu hii injili ya kumiliki inatoka wapi. Inatoka kwenye hizi semina za ujasiriamali tunazojazwa ukumbini kila muhula. Mtoa mada anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, anatuambia ajira hakuna, jiajirini, anza na ulichonacho. Tunapiga makofi. Tuna sababu ya kupiga makofi, maana kaka zetu na dada zetu waliomaliza ualimu tunawaona mtaani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, vyeti vimo kwenye bahasha wanasubiri tangazo la ajira. Hofu hiyo ni ya kweli na mimi ninayo. Lakini mtu mwenye hofu ndiye rahisi kuuziwa kitu. Mtoa mada akishaondoka na posho yake, wewe unabaki na bumu lako na kiu ya kuitwa mkurugenzi.

Sasa hesabu. Na msiseme hesabu si somo lenu, hii ni ya darasa la tano.

Bumu la kula ni 10,000 kwa siku, tangu lilipopandishwa kutoka 8,500. Kwa hiyo 150,000 ni siku kumi na tano za kula. Nusu mwezi, mtu mzima, umelala njaa kwa ajili ya pampu. Kukodi wikiendi moja, Jumamosi na Jumapili, ni 40,000. Gawanya kwa sita, haifiki 7,000 kwa kichwa. Wakijaribu wikiendi tatu na biashara ikagoma kabisa, asije hata mteja wa kuosha baiskeli, kila mmoja amepoteza 20,000. Siku mbili za kula. Siku mbili mtu anavumilia, anakula chapati na chai ya rangi maisha yanaendelea. Siku kumi na tano hazivumiliki, na wote tunajua anayeishiwa huwa anaanza kugonga mlango wa nani usiku.

Wao wananijibu hivi: 900,000 gawanya kwa 20,000 ni siku 45 tu. Baada ya siku 45 mashine imejilipa, sisi tunakula faida, wewe unaendelea kumlipa fundi wako. Inasikika tamu. Lakini siku 45 zipi? Sisi ni wanafunzi jamani, katikati ya wiki tuna vipindi na semina. Zinabaki wikiendi. Muhula wa wiki 15 una siku 30 za wikiendi. Toa wikiendi za majaribio, toa za kujiandaa na mitihani ya mwisho, toa siku za mvua ambazo kila mwenye gari anasema mvua itaniosheia. Zikibaki 22 mshukuru Mungu. Kwa hiyo hizo "siku 45 tu" ni mwaka mzima wa masomo. Na mwaka ukiisha sisi watu wa ualimu tunakwenda wapi? BTP! Mmoja anapangiwa Songea, mwingine Bukoba, mwingine Tanga. Mashine itaosha nini wakati huo, panya wa stoo? Na wale wawili wa mwaka wa tatu watakuwa wamemaliza chuo kabla mashine haijarudisha hata senti ya faida.

Mnasema mtaiuza? Haya, tuseme mmepata nusu bei, 450,000. Siku za kujilipa zinashuka mpaka 22 na ushee, nakubali, hapo hoja yenu inapata nguvu. Ila msisahau kurudisha kwenye hesabu mpira utakaopasuka, sili za pampu zitakazoanza kuvuja, na fundi. Mashine ya kukodi ikichakaa, gharama ni ya mwenye mashine. Ya kwenu ikichakaa, mnaanza kuchangishana tena, na safari hii bumu limeshaliwa.

Pili, mnajua mnanunua mashine gani? Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mashine za presha si ndugu zote. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu kuosha gari lake nyumbani mara moja kwa wiki. Nyepesi, zina plastiki nyingi, mota yake inapiga kelele na inatumia kaboni ambazo zinalika jinsi unavyoitumia. Kuna na za kazi, nzito, kichwa cha pampu ni shaba, mota haina kaboni, zinahimili kuwashwa asubuhi mpaka jioni. Dukani zote zinang'aa, zote zina namba kubwa za presha kwenye boksi. Ukichukua ya nyumbani ukaipa kazi ya kijiweni, unaiua mapema. Sasa laki tisa yenu inanunua ipi kati ya hizo? Nilipouliza, nikajibiwa "ile ya njano". Njano ni rangi wadau, siyo sifa ya mota!

Mtu aliyekodi wiki nne anajua vitu hivi mikononi. Anajua kwamba pampu ikizunguka bila maji inaharibika, kwa hiyo bomba likikatika unazima kwanza halafu ndiyo unauliza. Anajua kusafisha chujio la maji kabla ya kuwasha. Anajua kwamba nozeli nyekundu inatoa mstari mmoja mkali kama kisu na nyeupe inatawanya, na kwamba kwenye rangi ya gari la mtu nyekundu haigusi. Mashine hizi zinatoa maji kwa zaidi ya bar 100, wakati tairi la gari dogo linajazwa kama bar 2 na kidogo. Maji hayo yanaweza kubandua rangi, kuharibu tairi, na yakikupiga karibu yanapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, kumbe ndani kumeharibika, unatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Bora haya yote mtu ajifunze akiwa na mwenye mashine pembeni anamfokea.

Sisi walimu watarajiwa tunakaririshwa kila siku: anza na kinachojulikana, nenda kwa kisichojulikana. Tukitoka darasani tunaanza na 900,000 kuelekea kisichojulikana. Hivi tunasomea nini?

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mashine haioshi gari. Msicheke. Wale jamaa wamekadiria magari 20 kwa siku, 5,000 kila moja, laki moja mfukoni. Haya. Mashine inayotoa lita 7 kwa dakika, ukiifungulia dakika 10 kwa gari, umetumia lita 70. Magari 20 ni lita 1,400. Umeme, mashine ya kilowati 2 kwa dakika hizo 10 mara 20, haifiki yuniti 7 za LUKU. Mpaka hapo safi, hata mimi nimekubali. Lakini gari halioshwi kwa dakika 10. Kuna sabuni, kuna kusugua rimu, kuna kufuta, kuna mazulia, kuna dashibodi. Mkijitahidi sana ni nusu saa kwa gari. Magari 20 ni saa kumi mfululizo bila kula wala kwenda chooni. Katika hiyo nusu saa mashine imefanya kazi dakika 10, dakika 20 ni mikono na tambara. Sasa niambieni, ni nani kati ya hao sita nimewahi kumwona akifua hata shuka lake mwenyewe? Kinachokosekana pale ni watu wa kuamka saa kumi na mbili Jumamosi na kuinama mpaka jioni. Hao hawauzwi Kariakoo.

Na mjue, kitu cha kukodi kinamsema mtu. Ukishalipa 20,000 asubuhi, utaamka. Kila saa inayopita unaiona inakula hela yako. Mashine ya kununua inakaa chini ya kitanda, inakuambia "tutaanza wiki ijayo". Nimeona jokofu la juisi la kikundi fulani likigeuka kabati la viatu hivi hivi.

Halafu kuna urafiki. Watu sita, mashine moja. Nani analala nayo? Akiiazima shemeji yake, nani anauliza? Mmoja akitaka hela yake katikati ya muhula kwa sababu kwao kuna msiba, mnamkatia kipande gani, mpira au bunduki? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawa jamaa daftari bado hawajanunua. Ukikodi, jioni mnamlipa fundi, mnagawana kilichobaki, kila mtu anakwenda kulala na rafiki zake wakiwa bado rafiki zake.

Sasa msije mkasema dada huyu anapinga vijana kujiajiri. Sipingi. Sipingi hata kununua. Ninachopinga ni kununua ili uonekane umenunua. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili hapa, lichukueni lilivyo. Kodini muhula mmoja. Kabla ya kuchukua mashine, iwasheni mbele ya mwenyewe, angalieni inapovuja, pigeni picha, andikishaneni nani analipa nini ikiharibika. Halafu kila jioni andikeni: magari mangapi, bodaboda ngapi, hela ngapi, nani alikuja kazini na nani alikuwa "anaumwa". Mwisho wa muhula fungueni daftari. Kama mmefanya kazi wikiendi zote, wateja wanarudi, na mwenye mashine anawanyima kwa sababu wengine wameiwahi, basi nunueni, tena nunueni ile ya kazi, kwa faida mliyoipata na siyo kwa hela ya kula. Hata mkienda halmashauri kuomba ile mikopo ya asilimia 10, mtakuwa na daftari la kuonyesha badala ya kofia.

Na kama daftari litaonyesha kwamba mlifanya wikiendi mbili mkachoka, mtakuwa mmejua hilo kwa bei ya chapati na chai ya rangi. Hakuna semina itakayowafundisha hivyo kwa bei hiyo.

Bumu linaingia wiki ijayo, ndivyo tetesi zinavyosema. Mkiwaona wale sita wanaelekea kituoni na mabegi matupu, naomba mmoja wenu awapitishe kwa yule fundi kwanza. Mwambieni dada wa mawazo ya kuajiriwa ndiye kamtuma, na 7,000 ya mteja wa kwanza ya kumkodia mtu asiye na hela naitoa mimi.

Nawasilisha.