Kuzoeana na Ubao Mkongwe wa Theluji



Baadhi yenu mmeniandikia mkitaka kujua kama ni kweli kwamba padre wenu, aliyetumwa kuhudumu huku Tirol nchini Austria, amenunua ubao wa kutelezea thelujini. Naam, ni kweli. Niliupata kwenye soko la vitu vilivyotumika kwa euro 40, pamoja na vifungio na viatu vyake.

Huu si ule ubao mpana ambao vijana huruka nao angani. Ni ubao wa kukata theluji, mwembamba, ambao kiunoni una sentimita 19 tu, ilhali ule wa kawaida hukaribia 25. Kwa kuwa mguu wa mtu ni mrefu kuliko upana huo, miguu yote miwili huelekezwa mbele kwa nyuzi 60 hivi, na huvaliwa viatu vigumu vya plastiki. Mbao za jamii hii ndizo zilizoshindaniwa katika slalomu kubwa kule Nagano mwaka 1998, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Wenyeji wengi huuona ubao wa miaka ya 1990 kuwa pambo la ukutani. Hoja yao si ya kipuuzi. Katika miaka ya 2000 mafundi walianza kuingiza ndani ya mbao hizi tabaka za aloi ya alumini iitwayo titanali, nazo hutuliza mtetemo kwenye theluji ngumu. Ubao wangu hauna kitu hicho, na barafuni hulia kama mlango mbovu. Hata hivyo nashikilia kwamba hukumu hiyo hutolewa upesi mno, na mara nyingi hutolewa na mtu aliyeupanda mara moja tu, tena kwa mazoea ya ubao mpya.

Kabla ya kuupanda niliulaza sakafuni. Katikati ulikuwa ungali umeinuka kidogo, ishara kwamba upinde wake haujafa. Nilipitisha kidole kandokando ya ukingo wa chuma nikitafuta ufa na kutu iliyozama, kisha nikatazama kama tabaka za ubavuni zimeachana. Nilikagua pia matundu ya skrubu, kwa maana mbao za kale hazikufuata mpangilio mmoja, na vifungio vya leo huenda visiingie. Soli yake ilikuwa imekauka kabisa, ikanywa nta mara tatu.

Siku mbili za kwanza ulinibwaga bila huruma. Nilidhani umechoka, kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikiusukuma mkia kwa mguu wa nyuma ili ugeuke. Ubao huu hautaki kusukumwa, hutaka kulazwa juu ya ukingo wake na kungojewa. Ubavu wake umechongwa kwa mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 10 hivi. Ukiulaza nyuzi 60, kona hupungua hadi karibu mita 5, na mkia hupita palepale pua ilipopita. Siku ya tatu niligeuka nyuma nikaona mstari mmoja mwembamba, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Nakiri nilipiga kelele isiyolingana na daraja langu.

Lakini viatu ni habari nyingine kabisa, na hapa sitanyenyekea mbele ya yeyote. Muuzaji alinihakikishia kuwa havijavaliwa sana, na kwa macho vilikuwa safi. Nilivivaa nyumbani, nikainama mbele kujaribu, na kile cha kushoto kikapasuka kisiginoni, vipande vikatawanyika jikoni. Plastiki huzeeka hata ikiwa kabatini. Unyevunyevu huila polepole pasipo kuonyesha alama. Laiti jambo hilo lingetokea katikati ya mteremko, mguu mmoja ukiwa umefungwa na mwingine huru, leo ningekuwa nawaandikia kutoka hospitali. Vifungio pia, vyenye viungo vya plastiki ya umri uleule, nilivitupa. Anayeuza ubao wa namna hii pamoja na viatu vyake kama seti moja, hata kwa nia njema, anamuuzia mwenzake hatari.

Basi viatu na vifungio vipya vimenigharimu mara nyingi zaidi ya bei ya ubao wenyewe, na jirani yangu ananicheka kwa hesabu hiyo. Jumamosi tumekubaliana kupanda wote alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu. Yeye atakuja na ubao wake mpya.