Bomba la moshi na usingizi wa jirani

Mkazi wa Kawangware 56 hahitaji saa kujua kwamba usiku umekuwa mkubwa. Gari la Subaru hupita likilipua moshi kama bunduki, na mtoto aliyelala nyuma ya ukuta wa mabati huamka akilia.

Hatuna ugomvi na kijana alipendaye gari lake. Tatizo ni kwamba wengi huchagua bomba la moshi kwa sikio tu. Fundi hukata sailensa, akachomelea bomba pana, na mwenye gari huamini amenunua nguvu. Kumbe bomba lililopanuka kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na injini ndogo isiyo na tabo hulegea wakati wa kung'oa gari. Katika msongamano wa Barabara ya Naivasha, nguvu hiyo ndiyo ihitajikayo.

Ubaya zaidi ni kuondoa kile kifaa cha kusafisha moshi, chenye madini ya thamani kama platinamu. Anayekiuza hupata fedha; mama muuza mboga kando ya barabara huivuta sumu.

Sheria ya Trafiki ipo, na kanuni za kelele zilitolewa mwaka 2009. Linalokosekana ni utekelezaji. Mwaka 2004, Waziri John Michuki alizilazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, nazo zikatii. Serikali na iwakague mafundi na magari vivyo hivyo. Naye anayetaka bomba jipya, achague lenye sailensa kamili na upana unaolingana na injini yake.